Asumini Chini ya Taa ya Zambarau

Wiki iliyopita nilikuwa natoka na mwanangu mgongoni nikakuta polisi wawili mlangoni kwa jirani yangu, mama wa Kizanzibari, hapa kwenye fleti zetu Wembley. Mtu alikuwa amewapigia simu kwamba dirisha lake linawaka taa ya zambarau usiku kucha, ile ya kukuzia mimea ndani, kwa hiyo lazima anaotesha bangi.

"Karibuni muone," akasema mama. "Lakini viatu, wanangu."

Yule mrefu akainama akavua buti. Mwenzake akamfuata, nami nikaingia nyuma yao.

Chumba kizima kilikuwa vikopo vya vipandikizi, vimekatwa ncha, matawi yamelazwa kwa kamba ili yachipue zaidi.

"Bangi huoteshwa hivi hivi," akasema polisi.

"Basi wenye bangi wamejifunza kwetu. Hii ni asumini. Binti yangu anaolewa kiangazi, nataka maua ya kikuba chake, kishada cha kuvaa kifuani. Mkiing'oa, bibi harusi wangu atatoka bila kunukia."

Yule mrefu akanusa ua la kwanza lililochanua, akafumba macho. Waliondoka wakifunga mlango taratibu.

Nikamuuliza mama kama anamjua aliyepiga simu.

"Wa nini?" akasema.

Jioni aligonga kila mlango wa korido yetu, akagawa vikopo vya asumini pamoja na kamba. Aliyepiga simu, yeyote yule, naye amepata chake.

Sasa dirisha langu nalo lina taa ya zambarau niliyoinunua, na la jirani wa mkabala pia. Polisi wakirudi, watavua buti mlango kwa mlango.