Nilivyopalilia Tanki la Rafiki Yangu

Niseme kabisa kabla hamjasikia kwa wengine: lile tanki nililipalilia mimi. Sikuwa nimelewa na wala sikutumwa. Nilikunja mkono wa shati langu la kanisani, nikazamisha mkono kwenye maji mpaka kiwiko, nikang'oa karibu nusu ya bustani ambayo rafiki yangu aliilea miezi saba. Majaji walikuwa hawajafika bado, walikuwa meza ya nne. Majani niliyong'oa nikayatandaza kwenye gazeti ili yakauke vizuri.

Nilifikaje pale, hata mimi bado najiuliza.

Huyu rafiki yangu tulikaa dawati moja mpaka nilipoacha shule. Mimi niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikionja tu. Yeye akamaliza, akajifunza kutengeneza simu, akafungua kibanda Singida mjini. Mimi nikabaki Issuna na alizeti zangu. Wiki moja kabla ya haya yote akanipigia.

"Jumamosi njoo mjini. Uje na mawe."

"Mawe gani?"

"Ya shambani kwako. Yale yenye mikunjomikunjo, yamekaa kama milima midogo."

Nikamuuliza kama anaumwa. Yale mawe ndiyo yamenivunjia jembe mara mbili, baba yangu aliyatukana maisha yake yote, leo mtu anayaagiza kama mchele. Akanieleza kwamba kuna kongamano, pamoja na mashindano, la watu wanaopanda mimea ndani ya matanki ya samaki, na mwaka huu wamechagua Singida kwa sababu ya mawe yetu, ya kupanga humo ndani. Sikuelewa hata kidogo, nikasema sawa.

Tanki lake nilikuwa nalijua. Lilikuwa chumbani kwake, la kioo, refu kama kreti mbili za soda. Chini kajaza udongo, juu ya udongo kapanda majani mafupi kabisa, katikati kuna mmea mmoja mwekundu, na vijisamaki vya kuhesabu. Pembeni kulikuwa na chupa ya maji yenye sukari na hamira, imetobolewa kifuniko, imechomekwa mpira wa dripu unaoingia kwenye tanki. Mara ya kwanza kuiona nilijua anapika gongo. Nilikaa siku nzima nikisubiri kuonjeshwa. Kumbe ile hewa inayotoka ndiyo chakula cha majani.

Shida yake ilikuwa mama yake. Mama yuko Ihanja, mkulima hasa, wa kuamka na jembe. Alivyosikia mwanae anamwagilia majani ambayo tayari yako ndani ya maji, alinyamaza. Hakumgombeza, na hilo ndilo lilimuuma rafiki yangu. Akipiga simu nyumbani, mama anauliza afya, anauliza kazi, anauliza ataoa lini, tanki hataki hata kulisikia. Kanisani aliwaomba wenzake wamuombee kijana.

"Ushindi siutaki," rafiki yangu aliniambia asubuhi ile, tukishusha kiroba changu cha mawe mlangoni pa ukumbi. "Nimemwambia mama aje leo. Nataka aone tu kwamba mimi siyo chizi."

Mle ndani sasa! Watu kama arobaini, wametoka Dodoma, Arusha, Mwanza, wengine na wake zao, na kila meza ina tanki linawaka taa kama duka la dhahabu, la rafiki yangu nalo limo, na chupa yake pembeni. Waliona kiroba changu wakanivamia. Mzee mmoja mwenye miwani alichukua jiwe langu, akalinusa, halafu akalidondoshea siki na kuliinamia sikio. Nikangoja aniambie limesema nini. Akasema, "Halichemki, halina chokaa. Safi sana." Nikamwambia asante, sijui nilikuwa nashukuru nini.

Meza ya jirani, dada mmoja wa Mwanza alikuwa anabandika majani kwenye jiwe kwa gundi. Mtu mzima, ana akili zake, anabandika majani kwa gundi. Mwingine alikuwa ameshika saa, anahesabu mapovu. Kijana wa Arusha akaja kuniuliza mimi mkulima natumia mbolea gani.

"Ya mbuzi," nikamwambia.

Akaandika. Akauliza, "Kiasi gani kwa lita?"

"Lita ya nini? Mimi naweka kwenye mahindi."

Akafuta.

Saa saba na nusu simu ya rafiki yangu ikaita, mama amefika stendi. Majaji walishaanza kuzunguka. Akaniambia, "Nakwenda kumchukua. Kaa hapa, liangalie tanki. Usiondoke."

Basi nikakaa, nikaliangalia. Jamani, mtu wa kwetu umkalishe mbele ya mche mmoja mwekundu umezungukwa na majani pande zote, umwambie aangalie tu? Kwetu ukipita shambani kwa mtu ukakuta anapalilia, unasalimia huku umeshainama, unang'oa mawili matatu ndipo unauliza habari za nyumbani. Ukisimama wima na mikono mfukoni, watasema umelelewa vibaya. Na ule mche nilikuwa nauona kabisa unavyokosa nafasi. Nikajisemea, huyu maskini alikuwa na haraka ya mashindano, palizi imempita. Acha nimsaidie, akirudi na mama yake akute shamba safi.

Majani yalitoka kirahisi, mizizi mifupi kama uzi. Nikaanzia kwenye mche mwekundu, nikaja upande wa kulia, nikafuata mstari. Samaki wakanisogelea vidole kama kuku wanavyomfuata mtu mwenye jembe. Nilifurahi sana. Nadhani nilikuwa napiga na mluzi.

"Kaka," yule dada wa Mwanza akaniita kwa sauti ndogo, "unafanya nini?"

"Napalilia, dada."

Akaziba mdomo kwa mkono wenye gundi, ikabidi ajibandue kwanza ndipo anieleze. Kwamba yale majani ndiyo bustani yenyewe. Kwamba yamepandwa jani moja moja kwa kibano, na mpaka yatandae vile ni miezi. Na ule mche mwekundu? Akasema huo ni wa kunogesha tu.

Nikajaribu kuyarudisha. Nachomeka moja, linakaa, nikitoa kidole linaelea. Nachomeka la pili, la kwanza limeshafika juu. Yule dada akanipa kibano chake, nikavunja majani mengine mawili. Maji yakawa ya rangi ya chai ya rangi. Nikafikiria kutoroka, lakini niliambiwa nisiondoke.

Wakaingia. Mama mbele, kitenge kipya, kapochi kwapani. Nikasimama, mkono unadondosha maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umelowa?"

Nikauficha mkono nyuma. Rafiki yangu alikuwa analitazama gazeti. Akatazama tanki, akarudi kwenye gazeti, halafu akanitazama mimi. Afadhali angenipiga, ningejua tuko wapi.

Kabla hatujamaliza kutazamana majaji wakafika, watatu, mmoja wao ni yule mzee wa siki. Akainama. Maji yalikuwa yameanza kutulia. Akauliza, "Huu uwazi upande wa kulia ni makusudi?"

Nilimwombea rafiki yangu aseme ndiyo. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo, ni mto umekauka. Yeye akasema, "Hapana mzee. Mwenzangu amenisaidia palizi."

Majaji wakatazamana. Mzee akaandika kitu kirefu, mwingine akageuka kukohoa lakini nikamwona mabega yanacheza. Wakaenda zao.

Mama aliweka kapochi mezani, akachuchumaa, uso wake ukawa sawasawa na kioo. Akalipitia tanki lile taratibu, kuanzia kushoto kwenda kulia, kama anakagua tuta. Akagonga kioo na ukucha upande wangu.

"Hapa pamelimwa," akasema. "Huku ulichoka?"

Rafiki yangu akanigeukia mimi.

"Mama, ni mimi niliyeng'oa," nikasema. "Nimemharibia. Yale ndiyo mazao yenyewe."

"Mazao? Yanaliwa?"

"Hayaliwi, mama," rafiki yangu akajibu.

"Samaki je?"

"Nao hawaliwi."

Akatafakari. Akamuuliza udongo katoa wapi, naye akamwambia, na alivyouchekecha. Akauliza hiyo chupa ni ya nini, akaambiwa, akainusa, akanitazama mimi kama mimi ndiye ninayeinywa. Halafu wakahamia Kinyaturu chetu, wakaongea haraka, mama anaonyesha kwa kidole nafasi kati ya mche na mche, mwanae anabisha, mama anambishia. Mimi nilisimama na kibano cha watu mkononi, kila neno nalielewa, ila sijui kama wanagombana.

Matokeo yakatoka. Rafiki yangu hakupata kitu. Tanki lililoshinda lilikuwa na mawe matano na majani machache upande mmoja, peupe kote. Mawe yenyewe mawili yalikuwa yangu, yamebandikwa asubuhi ile ile. Nilivyoliangalia niliona shamba langu mwezi wa nane. Watu wakapiga makofi, nikapiga na mimi.

Saa kumi akamsindikiza mama stendi. Nilijua akirudi ananimaliza. Nikakaa nje juu ya kiroba kilichobaki na mawe ambayo hayakupendwa, nikapanga maneno ya kuomba msamaha, nikayasahau, nikapanga mengine. Akarudi polepole, mikono mfukoni. Akakaa pembeni yangu, akasogeza jiwe moja lililomchoma, akakaa tena.

Nikamwambia, "Kaka, nisamehe."

Akachezea vumbi kwa kiatu. "Unajua mama kaniambia nini akipanda gari?"

"Hapana."

"Kasema majani yakirudi, palizi ya pili nimwite aje mwenyewe, wewe umeacha mizizi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Miezi saba hajawahi hata kuuliza linaendeleaje. Sasa nisaidie, maana mimi nimeshachanganyikiwa. Nikupige, au nikununulie soda?"