Maharage ya Mama Neeltje

Krijn Boogaard, mkulima wa kisiwa cha Schouwen, Uholanzi, hakuwa mtu wa maneno. Bahari ilipobomoa tuta la kuzuia maji Februari ile, ikamzoa mama yake, ng'ombe kumi na mmoja na choo, alisema tu kwamba choo chenyewe kilikuwa kibovu. Cha mama kilichosalia ni mifuko miwili ya mbegu za maharage, iliyokuwa darini. Mama Neeltje alizichagua mwenyewe kwa miaka arobaini, na hapakuwa na mwingine mwenye mbegu hizo.

Mei, maji yalipokwisha kupampwa, akapanda mfuko mmoja. Miche ikachomoza, ikanyauka. Udongo umelowa chepechepe, miche imelegea kwa kiu. Krijn akaimwagilia maji ya mfereji. Ikafa upesi zaidi. Jamani, mtu mzima na ndoo zake, wiki mbili ananywesha maiti.

"Napanda ule wa pili," alimwambia mkewe Leuntje, mwezi wa Julai.

Leuntje alikuwa jikoni akitia chumvi maharage mabichi, akiba ya majira ya baridi, aliyoletewa na dada yake kutoka Brabant. Hata hakugeuka.

"Hebu chungulia mtungi wa juzi. Nilitia maji?"

"Si umejaa."

"Sikutia hata tone. Maharage na chumvi, basi. Maji yametoka wapi, bwana?"

Krijn akainua jiwe na kibao vilivyokandamiza maharage mtungini. Maharage yalikuwa yamelegea vilevile.

"Kwenye maharage," alisema.

"Enhe. Kila seli ina utando, na utando unapitisha maji. Chumvi ya nje ikizidi ya ndani, maji yanahamia nje. Mwalimu alitufundisha, wewe ukihesabu bata dirishani. Bahari imeacha chumvi yake; shamba lako ni mtungi sasa. Na mfereji pia."

"Kwa hiyo nimeyaua mimi."

"Umeyaua. Mfuko uliobaki utaugusa nikishakufa."

 Krijn hakuugusa mfuko. Alitandaza shambani jasi, unga wa mawe wa kulegeza chumvi ya udongo, akaiachia mvua kazi ya kuosha udongo, yeye akaenda kubeba mawe ya tuta jipya. Kila baridi ilipokwisha alionja udongo, akatema, akarudi kwenye mawe. Mwaka wa tatu alionja, akatafuna kidogo, akameza.

Mei akapanda mbegu zote. Julai Leuntje akaandaa sahani. Krijn alikula mpaka katikati, akaweka uma chini, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza. Leuntje akamwongezea maharage.