Picha Mbili za Mgongo wa Hortense

Dada yangu Hortense Ntumba aliuza unga na sabuni za Zambia miaka ishirini, na njia ya Mokambo, ya kuvuka mpaka kwenda huko, aliijua kuliko mimi ninavyolijua jiko langu. Alikuwa mbishi, na kwenye kwaya ya kanisa letu dogo hapa Makomeno hakuna aliyemzidi sauti. Hasira yangu haipoi hadi leo kwa sababu njia ambayo ingemsaidia ilikuwa ileile aliyoizoea.

Mwaka mmoja baada ya kukatwa ziwa kwa ajili ya kansa, mgongo ulianza kumuuma. Mwezi wa tatu Daktari Kalaba akampiga radio, ile picha ya kawaida ya mifupa. Ikatoka safi. Hortense alitaka kucheza palepale, lakini daktari akamtuliza.

"Mama, radio inaonaka tu wakati kansa ilisha kula mufupa sana. Iko sawa mchwa kwa mulango: inje rangi muzuri, ndani vumbi tu. Kuko picha ingine, sintigrafi. Banakutia dawa mu mushipa, unangoja masaa tatu, mashine inapita mwili yote. Pahali ugonjwa inaanza, ile inaiona mapema. Lakini utaenda Zambia."

Tukapanga kuondoka Jumanne. Jumapili ikatangulia.

Kwetu, aliyepona huleta karatasi yake ya hospitali, huiinua mbele ya watu, kisha huitundika ukutani karibu na madhabahu. Hortense akainua radio yake. Pasta André alilia machozi ya kweli, wala hakuwa tapeli. Mimi nilipiga vigelegele hadi koo likakauka, na najuta. Chola, mwenzake wa kwaya aliyekatwa ziwa mwezi uleule kama yeye, alimkumbatia. Kuanzia siku hiyo naye akaacha kwenda kwa daktari.

Jumanne nilimkuta Hortense amekaa, begi lake jekundu la safari halina kitu.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "gari inangoja."

"Niende kutafuta nini, Lydie? Nilisha toa ushuhuda mbele ya bantu bote. Nikienda, ni kusema Mungu iko na bongo, alinidanganya. Na Chola, nitamwambia nini?"

Nilikasirika siku mbili, kisha nikazoea. Hilo ni kosa langu, silitupii mtu.

Mwezi wa nane alianguka bombani, miguu ikagoma. Daktari Kalaba akapiga radio nyingine, akaomba ile ya kwanza alinganishe. Nilikwenda kuibandua ukutani. Akaziweka zote mbili kwenye kioo cha dirisha. Katika ya kwanza pingili za mgongo zilipangana vizuri. Katika ya pili moja ilikuwa imepondeka na jirani yake imeliwa nusu. Sintigrafi haikuhitajika tena, maana hata mimi niliona.

"Kama tungejua mu mwezi wa tatu, tungepiga mionzi, pengine angetembea," daktari aliniambia koridoni. "Sasa tutapunguza maumivu tu."

Nilimweleza Hortense yote. Jioni akaniita.

"Enda utundike zote mbili kwa ukuta, moja pembeni ya ingine. Chola aone. Yeye aende Zambia."

Nilizitundika Jumamosi. Jumapili ilibaki ile safi peke yake. Pasta André akasema ya pili inavunja watu moyo. Nikamfuata Chola hadi mlangoni, nikamweleza kila kitu kwa mdomo wangu. Alikuwa ameshika nyonga, anachechemea.

"Yaya yako alikuwa na mashaka," akasema. "Mi sina."

Nilirudi nyumbani. Hortense aligeuza kichwa, kitu pekee alichoweza bado kugeuza bila kulia.

"Chola aliona?"

"Aliona, yaya. Jumanne anaenda."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu bombani.

"Umupatie begi yangu. Yake ilipasuka."

Tulimzika wiki tatu baadaye. Chola aliongoza nyimbo msibani, akiwa amekaa kwenye kiti. Begi jekundu liko chini ya kitanda changu.