Istikhara ya Nyumba Nzima

Mwatum Makungu alifika umri wa miaka kumi na tisa bila ya kusema uongo hata mmoja, wala haikuwa kwa ucha Mungu peke yake. Uongo unataka maneno mengi, na yeye maneno yalikuwa yakimchosha. Akiitwa alijibu "Naam", akiulizwa alijibu ndiyo au siyo, kisha alirudi kwenye kitabu chake.

Kwao kulikuwa Kajificheni, katika nyumba ya baba yake, Makungu Usi, karani wa forodhani. Saa za jioni, akitoka skuli ya wasichana, Mwatum alikuwa akimsaidia Bwana Valimohamed katika duka lake la dawa, mitaa miwili kutoka hapo. Kazi yake ilikuwa kuandika vibandiko vya chupa, maana mwandiko wake ulisomeka hata na mtu mwenye homa. Alikaa chumba cha nyuma, na hilo ndilo lililompendeza zaidi: hapana mteja aliyemsemesha.

Huko dukani ndiko alikoona jambo lililomwondolea raha. Bibi yake, Bi Duni, mama yake Makungu, alikuwa na kikohozi, akinywa dawa ya maji nyeusi kama kahawa. Wiki moja rangi ya kutilia dawa ilikwisha, na Bwana Valimohamed akampelekea dawa ile ile, ila nyeupe. Bi Duni aliinywa siku tatu akazidi kukohoa, akairejesha chupa na salamu kwamba maji ya kisima hata kwake yapo. Rangi ilipoletwa, Bwana Valimohamed aliitia humo humo, hakubadilisha jengine lolote. Bi Duni akanywa kijiko kimoja Jumatatu, na Jumanne alikuwa harusini Malindi, sauti yake ikisikika kuliko ya wapiga ngoma.

Bwana Valimohamed alicheka mpaka akavua miwani. Mwatum hakucheka. Alitaka kujua kimetokea nini ndani ya kifua cha bibi yake, akapekua vitabu vya dukani mpaka akagundua kuwa kuna watu wanaosomea jambo hilo, na kwamba elimu yenyewe inaitwa famakolojia.

Mwaka 1957, matokeo yake ya mtihani yalipotoka, ikaja barua kutoka afisi ya elimu. Mwatum atapelekwa Uingereza kusomea mambo ya afya, na achague moja kati ya manne: udaktari, udaktari wa meno, ufamasia au famakolojia. Fomu itiwe saini na baba yake, irudishwe Ijumaa kabla ya saa tano.

Mama yake, Bi Mwanaasha, hakuona kuwa pana la kuchagua. Alikwishatangaza kwenye maulidi kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari, na wanawake wawili wa Mkunazini walishaanza kumwonyesha Mwatum miguu yao. Shangazi yake, Bi Mashavu, alitaka ufamasia. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari husimama kutwa, tena husimama karibu na wanaume, lakini mwenye duka la dawa amekaa, na ana meza baina yake na ulimwengu. Mjomba wake, Nahodha, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba tangu mfungo wa Ramadhani, alishikilia udaktari wa meno. Alikuwa akiogopa kung'olewa na mtu asiyemjua; akitaka jino litoke mikononi mwa mtu atakayemwonea huruma na haya.

Mwatum alijaribu kueleza siku ya Jumatano, wakati wa chakula. Alisema kwamba mfamasia huitengeneza dawa, daktari huitoa, na yeye anataka kusomea kile dawa inachokifanya ikishapita kooni. Lakini aliyasema hayo kwa sahani yake ya wali, na kwa sauti ambayo sahani peke yake ndiyo iliyoisikia. Mama yake akamsogezea maji.

Makungu alisema yeye atatia saini litakaloamuliwa. Nani aamue, hakusema.

Alhamisi nzima Bi Mwanaasha na Bi Mashavu walibishana, mmoja yuko jikoni na mmoja yuko ghorofani. Mjomba Nahodha alikuja kushindana nao kwa upande mmoja wa mdomo. Baada ya sala ya alasiri Bi Duni akawaita wote, akawaambia kwamba usiku ule unaamkia Ijumaa, kwa hivyo kila mtu asali istikhara, rakaa mbili, amuombe Mungu amwonyeshe lenye kheri, kisha alale bila ya kusema neno. Asubuhi watakutana.

Istikhara huisali mwenye jambo lake, haisaliwi na mjomba mwenye jino. Mwatum alilijua hilo kwa kulisoma, lakini kumrekebisha bibi yake kulikuwa kunataka sentensi tano.

Asubuhi walikaa kwa chai na mkate wa kumimina. Bi Mwanaasha alikuwa amemuota Mwatum katika koti jeupe mlangoni mwa hospitali, watu wamepanga mstari mpaka baharini. Bi Mashavu aliota duka lenye milango ya vioo na kiti chenye mto mwekundu, na yeye mwenyewe amekikalia.

"Na Mwatum yuko wapi humo?" Bi Duni aliuliza.

"Amekwenda kusali."

Mjomba Nahodha aliota anatafuna muwa. Makungu aliota magunia ya karafuu yasiyohesabika, kama anavyoota kila siku.

Ikafika zamu ya Mwatum. Yeye alilala usingizi mzito na hakuota kitu. Aliitazama fomu juu ya meza, akamtazama baba yake, ambaye kalamu alikwishaishika, akaona kwamba akisema kweli leo atakuwa daktari mpaka kufa kwake.

"Nimeota nnakifuata kijiko cha dawa," alisema.

Akaeleza namna dawa ilivyoshuka kooni, ikakaa tumboni robo saa, ikaingia kwenye damu, ikapita ini kwanza, figo baadaye. Alitaja dakika. Alitaja mishipa kwa majina. Mama yake alikuwa anamimina chai akasita, si kwa ajili ya ndoto, ila kwa kuwa hajapata kumsikia mwanawe akisema sentensi ishirini mfululizo.

"Na ilipofika kifuani?" aliuliza Bi Duni.

"Hapo sikuona tena, bibi. Hapana aliyepaona."

"Hata madaktari?"

"Dawa nyengine wanazijua. Nyingi hawajui zinavyofanya kazi."

"Hawajui, na wanatunywesha?"

"Naam."

Bi Duni alikiweka kikombe chini. Alisema madaktari wapo, wenye maduka wapo, na wang'oa meno wapo kwa wasioogopa. Wa kujua ndiye hayupo. Akamwambia Makungu atie saini kwenye hiyo ya nne.

"Nami watu niwaambieje?" alilalamika Bi Mwanaasha.

"Waambie anakwenda kusomea kuwachungua madaktari."

Bi Mwanaasha aliliweka neno hilo moyoni kidogo, likampendeza. Bi Mashavu aliuliza kama kazi hiyo watu hukaa au husimama. Alipoambiwa hukaa, naye akaridhika. Mjomba Nahodha aliondoka ameshika shavu, hakuaga.

Mwatum alikuwa ukumbini anavaa buibui ili aipeleke fomu, Bi Duni akamfuata taratibu.

"Mimi mwaka wa sabini huu nnaota," alisema. "Sijapata kuota dakika."

Mwatum aliinama.

"Hukuota kitu."

"Sikuota, bibi."

"Uongo wako wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Unaonekana. Umeusema vibaya." Bi Duni alimtengeneza buibui begani. "Istikhara si ndoto, mwanangu. Unamuomba Mungu, kisha unatazama moyo wako umeelekea wapi. Hao wengine niliwaambia wasali nipate kulala. Wewe nilitaka useme."

Mwatum aliikunja fomu, akaibana chini ya buibui.

"Toba utaileta njiani," alisema Bi Duni. "Kazana, afisi inafunga saa tano."