Marahaba Niliyoitikia Kichanjani

Nianze na upumbavu wangu: bibi wa umri wa kumzaa mama yangu aliniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba. Tena kwa sauti nzito, mikono nyuma.

Ilikuwa likizo ya Juni. Kila siku nilimpelekea mama chakula kwenye kituo cha kahawa, Mbinga, ambako yeye na wenzake husimama kwenye vichanja vya kuanikia wakichambua punje mbovu. Msimamizi wao alikuwa kijana, mgeni wa mkoa mwingine, na mcheshi kweli. Hata mimi, fundi wa fani hiyo, nilimvulia kofia. Kila asubuhi yeye ndiye aliyechagua vibarua wa siku pale getini. Utani wake mkuu ulikuwa kuwadai shikamoo wanawake waliomzidi umri.

"Mama, shikamoo yangu umeisahau nyumbani?"

Wanacheka, wanampa. Mwanzoni utani ulikuwa wake peke yake. Baadaye karani akaanza kudai ya kwake, halafu mlinzi. Mwishowe hata mbeba magunia asiyeota ndevu alikuwa anadai.

Siku moja nikaona na mimi sipungukiwi kitu. Nikasimama mbele ya bibi mkubwa kuliko wote pale, anayekuja kwa miguu kutoka Kitura, nikaiga sauti ya msimamizi:

"Bibi, shikamoo yangu umeisahau nyumbani?"

Akaacha kuchambua. Akajifuta mikono kwenye khanga, akakunja goti.

"Shikamoo, mjukuu wangu."

Hakucheka.

"Marahaba. Hujambo?"

Kichanja kizima kikaangua kicheko. Msimamizi alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu nitamwachia ofisi," akasema, huku macho yake yakipita uso kwa uso, nani anacheka na nani hacheki. Mama alicheka. Mdomo tu, macho yalibaki kwenye kahawa.

Kesho yake bibi alifika getini kama kawaida.

"Bibi leo apumzike," msimamizi akasema. "Utani haumwingii."

Watu wakacheka tena. Bibi akageuka, akashika njia ya Kitura. Mama akachaguliwa.

Haya ya getini alinisimulia mama mwenyewe jioni hiyo, aliponikuta jikoni nikiwachekesha wadogo zangu kwa sauti ileile. Alipomaliza aliivua khanga yake yenye vumbi la kahawa, akaikunja taratibu, akasema:

"Mimi jana nilicheka ili leo nichaguliwe. Wewe ulikuwa unaomba kazi gani?"