Nyumba Iliyolipiwa kwa Mapazia

Karibu na ninapokaa sasa mjini Embu kuna karakana ya kupasua mbao. Mvua ikinyesha asubuhi, harufu ya saipresi mbichi huingia kwangu bila kubisha hodi. Ni harufu kali kidogo, yenye utamu wa utomvu ndani yake, na kila inaponifikia mimi hucheka peke yangu jikoni hadi jirani huuliza kupitia ukutani kama nina mgeni. Sina mgeni. Huwa nimekumbuka tu jinsi baba yangu alivyoishona nyumba.

Ndiyo, aliishona. Nivumilieni nieleze.

Tuliishi Meru mjini, katika chumba kimoja cha ploti iliyokuwa nyuma ya soko la Gakoromone. Vyumba vyenyewe vilikuwa vya mabati, safu mbili zikitazamana, na katikati ulipita mfereji ambao sisi watoto tulishindana kuuruka na mara nyingi tulishindwa. Mama aliuza viazi sokoni. Kila wiki alipanda hadi Kibirichia kuvinunua shambani, akarudi juu ya lori amekalia magunia, uso umejaa vumbi utadhani katoka kusaga unga. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka moja la vitambaa. Alikuwa mtu wa tai. Hata siku ambazo hakupata mteja wa kushonewa kifungo, tai ilikuwa shingoni. Na alipotaka kuonekana mtu wa mjini hasa, aliacha Kimeru chetu cha nyumbani na kuanza kuongea Kiswahili, hata na kuku.

Kodi ilikusanywa na mzee mmoja mwembamba ambaye wapangaji walimwita Bawaba. Mpangaji akichelewa, mzee huyu hakupiga kelele wala kutukana. Alikuja na bisibisi, akaamkua vizuri, "Muga," akauliza habari za watoto, na huku anauliza tayari anafungua bawaba, ya juu kwanza, kisha ya chini. Akimaliza alijitwika mlango kichwani, akakuaga kwa heshima na kwenda zake.

Mwaka huo mvua ya masika haikujua kuacha. Barabara ya Kibirichia iligeuka uji, malori yakakwama, na viazi vya mama vikawa vinafika sokoni vimeanza kunuka. Kwa baba nako hakukuwa na nafuu, kwani mtu anayetembea amejifunika gunia hana haja ya suti mpya. Basi siku moja mlango wetu nao ukaenda.

"Masomo yanaendeleaje, Kathure?" Bawaba aliniuliza, skrubu ikiwa katikati ya midomo yake.

"Vizuri, guka," nilimjibu kama anavyojibiwa babu, na hata nikamshikia bisibisi, maana nilikuwa nimefunzwa adabu kwa wazee.

Mama aliporudi alitazama pale mlango ulipokuwa, akatazama magunia yake, kisha akaanza kuyapanga moja juu ya jingine hadi yakaziba nafasi, yakabakisha mwanya wa juu wa kupitia mtu. Tukawa na mlango wa viazi. Shida yake ni kwamba ulikuwa pia ndio biashara. Viazi vikinunuliwa, mlango ulipungua. Siku soko lilipochangamka, tulifurahi mchana na kukaa wazi jioni kama watu walio kwenye kibanda cha maonyesho.

Kina mama wa kanisa walitukuta hivyo. Ilikuwa zamu yetu ya ibada ya nyumbani, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia wasije. Waliingia wakiwa wameinua sketi, wakipanda magunia mmoja mmoja, na mama akiwashika mkono kana kwamba hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuingilia nyumbani kwa Mkristo.

"Mlango umeenda kupakwa rangi," mama alieleza.

"Rangi gani?" akauliza mmoja wao, aliyependa sana kujua mambo.

"Bado tunachagua," mama akamjibu, akamwongezea chai.

Waliomba kwa muda mrefu. Waliombea nyumba yetu isimame imara, na wengine kati yao walifungua jicho moja kutazama kule wazi. Lakini walipoondoka, kila mmoja alinunua viazi, na jioni ile mlango ulikuwa umefika magotini.

Baba ndiye aliyeumia zaidi. Kiswahili kilimwisha. Alikaa kitandani akiongea Kimeru kwa sauti ya chini, akisema sisi watoto tupelekwe kwa nyanya kijijini, na yeye na mama watafute mahali pa kujibanza hadi mambo yatakapotengemaa.

"Watoto wangu si mizigo ya kuwekeshwa," mama alisema. "Tutakaa pamoja, hata kama ni ndani ya gunia."

Shule zilipofungwa alinichukua nimsaidie kuchagua viazi kule Kibirichia. Mkulima aliyemuuzia, Mzee Mugambi, alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya mawe, kubwa, yenye madirisha kila upande, hata pale ambapo hakukuwa na kitu cha kutazama. Mkewe alikuwa amekataa katakata kulala humo. Alisema hawezi kuvua nguo ndani ya kabati la vioo. Kwa hiyo wawili hao walikuwa bado kwenye nyumba yao ya zamani, ya mbao, vyumba viwili na paa la mabati, imesimama ubavuni mwa ile mpya kama mtumishi anayengoja kufutwa kazi.

Mama aliacha kuchagua viazi. Aliitazama nyumba ya mawe, akaitazama ya mbao, akarudia.

"Mzee, mkishahama, hii ya mbao mtaifanyia nini?"

"Kuni," Mzee Mugambi akasema.

"Na madirisha yale mtayafunika na nini?"

"Mimi nilisema magazeti. Huyu mama amekataa."

"Nyumbani nina fundi," mama alisema. "Nyinyi leteni kitambaa, yeye ashone mapazia yote. Halafu mimi nibebe kuni zangu."

Mke wa Mzee Mugambi alikubali kabla mumewe hajafungua mdomo.

Mahali pa kuiweka mama alikuwa napo. Chama chake cha akina mama kilikuwa kimenunua kipande cha shamba nje ya mji na kugawana kwa kuokota vikaratasi. Wenzake waliokota tambarare, yeye akaokota mteremko, mkali kiasi kwamba mbuzi wa jirani walilia wakishuka. Miaka yote walimcheka kwa ajili ya mteremko ule.

Baba alishona mapazia hadi ndoto zake zikawa na maua. Alishona yenye marinda na ya juu mafupi, na mke wa Mzee Mugambi alipoyaona yametundikwa, alihamia siku hiyohiyo. Siku ya kubomoa ilipofika, hatukuwa na uwezo wa kumwita seremala. Baba akasema hakuna haja. Mtu anayejua kufumua koti na kulirudisha anaweza kufumua nyumba. Alikuja na tai yake, futi ya kitambaa shingoni na chaki ya fundi cherehani mfukoni, na kila ubavu uliposhuka aliuandika: mgongo, kifua, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Paa aliliita kola. Vijana wa lori waliitikia, "Sawa, fundi," wakigeuza nyuso pembeni.

Tulipanda lori la viazi, nyumba ikiwa chini yetu, na harufu ya mbao zile za saipresi ikanijaa puani. Kabla hatujafika mbali mvua ikanyesha. Baba alitazama chaki ikishuka kwenye mbao kama maziwa. Alijaribu kuufunika mgongo kwa koti lake, lakini kifua kilikuwa kimeshafutika.

Tulipofika mteremkoni, baba na vijana wa lori waliisimamisha nyumba kwa kubahatisha, jua likiwa karibu kuzama na dereva akipiga honi kwa haraka zake. Kuta zilikubali, misumari ilishika, paa likakaa. Tukarudi nyuma kuitazama. Upande wa njia, ambako watu wote wa heshima huweka mlango, kulikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa upande wa pili, juu ya mteremko, ukifungukia hewani. Mtu akitoka bila kufikiri angeangukia sukumawiki za jirani.

"Baba Kathure," mama akasema, "umeivalisha kinyume."

"Ni mtindo mpya," baba akajibu, na alijibu kwa Kiswahili. Mama alicheka hadi akaketi kwenye matope.

Tuliingilia dirishani. Baba alisema ataugeuza ukuta mvua ikipungua, na mvua ilipopungua akasema kiangazi kikiisha. Bawaba alikuja tukiwa hivyo, kufuatilia kodi iliyobaki. Alipitia upande wa chini, akamkuta mama amesimama mlangoni, juu kabisa, akimwaga maji ya vyombo.

"Muga, mama Kathure. Nimekuja kwa ile salio."

"Karibu, mzee. Zunguka, uingie dirishani."

Alivua kofia, akainua goti, baba akamvuta kwa mikono. Alikunywa chai, akakubali gunia la viazi badala ya salio, kisha akaanza kupapasa kuta.

"Hii ni yenu?"

"Yetu yote," mama alisema. "Hata makosa ni yetu."

"Na hakuna mtu anakuja mwisho wa mwezi?"

"Ni wewe tu umekuja."

Ndipo akatuambia kwamba ile ploti haikuwa yake. Mwenyewe aliishi Nairobi. Yeye alipewa chumba cha mwisho, karibu na choo, na alikilipia kodi kama sisi. "Hata mlango wangu nimewahi kuung'oa," alisema. "Nilikuwa nimechelewa." Mama alilazimika kuweka birika chini. Walicheka wote watatu, na mzee ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Alipoondoka, gunia begani, alifika njiani akageuka na kusimama. Aliitazama nyumba yetu kutoka paa hadi chini, akaitazama tena, na mimi dirishani nikakasirika, nikidhani anaicheka.

Leo nina kazi na mshahara, lakini simu ya mwenye nyumba ikilia mwisho wa mwezi, mimi hushtuka bado. Jumapili nikitoka kanisani hupita njia ndefu, na nikiona kijumba cha mtu, hata kilichopinda, hujikuta nimesimama mbele yake bila sababu, hadi mbwa abweke. Yule mzee hakuwa akiicheka nyumba yetu. Alikuwa akiipima kwa macho, aone kama ingemtosha.