Neno la siri la bosi

Bosi wangu alikuwa na vyeti vingi ukutani kuliko madirisha. Ofisi yetu ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga huko Njiro, na kila mgeni aliyeingia alisimamishwa mbele ya vile vyeti kwanza, kiti baadaye. Mimi ndiye niliyekuwa naandika programu. Yeye alikuwa anaeleza watu kwamba tunaandika programu.

Tulipata kazi ya hospitali moja ya mjini. Walitaka majibu ya maabara yafike kwenye zahanati zao za mlimani Meru kwa kompyuta, yasibebwe tena na pikipiki kwenye bahasha. Programu yetu ingeomba majibu kwenye seva, kompyuta kuu ya hospitali, na seva ile haikutoa kitu mpaka ijue nani anaomba: jina na neno la siri. Nilimwambia bosi kwamba kila muuguzi awe na yake. Akifungua programu ataandika jina lake na neno lake, programu itayachukua palepale na kuyapeleka kwa seva. Ilikuwa mistari michache tu.

Akacheka, huku anachokoa meno.

"Manesi wa kule juu? Watasahau kila Jumatatu, halafu wanipigie simu mimi. Weka jina langu na neno langu humohumo ndani ya programu. Hospitali wamenipa ruhusa ya kuona kila kitu."

"Zahanati zote zitumie yako?"

"Zote. Wewe unapenda kuhangaika."

Nikaandika. Nilijua ni upuuzi, na niliuandika kwa mwandiko safi, mistari imenyooka. Simdharau yeye peke yake; najidharau na mimi.

Haikuchukua miezi mingi. Katika moja ya zahanati zile, juu kwenye migomba na kahawa, mjane mmoja aliyekuwa mwimbaji wa kwaya alipimwa ujauzito. Alipokwenda kuchukua majibu, wanawake wawili walikuwa wameshampa pole njiani. Mtu alikuwa ameyaona kabla yake, na akasema.

Hospitali ilimtuma mtunza kumbukumbu wake, kijana mpole mwenye kompyuta ya mkononi, aje kuuliza. Mimi na bosi tuliitwa pia. Bosi alikanyaga matope ya mlimani kwa viatu vyeupe, na kabla hajakaa alishapata mkosaji.

"Tatizo ni uelewa wa watumiaji," alisema, akimtazama muuguzi mkuu wa pale, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, ambaye nilikuwa nimemwamkia shikamoo muda si mrefu. "Hawa wanaacha kompyuta wazi."

Yule mama alikunja mikono juu ya aproni yake.

Mtunza kumbukumbu akafungua orodha ya waliosoma majibu. Akasoma kimya, akarudi juu, akasoma tena.

"Mzee, aliyefungua majibu haya ni wewe. Saa nne na dakika kumi asubuhi."

"Mimi nilikuwa Njiro."

"Dakika hiyohiyo ulifungua mengine kwenye zahanati tatu tofauti."

"Baba ana mbio," alisema muuguzi kwa sauti ya chini.

Bosi akanigeukia. "Huyu ndiye mwandishi wa programu."

"Ni kweli nimeandika mimi," nikasema. "Neno la siri ni lako, na uliniambia niliweke humo."

Ningependa kusema nilijisikia shujaa. Nilikuwa nimechelewa tangu siku ile aliponicheka, nikanyamaza.

Aliyevujisha hakujulikana, wala hatajulikana. Seva ilikuwa imetunza jina moja kwa watu wote, na jina hilo halikuwa la yeyote aliyekuwepo. Yule mama aliondolewa kwenye chumba cha majibu, akakaa wiki kadhaa akihesabu dawa stoo, mpaka hospitali ilipokubali kwamba haina ushahidi wowote dhidi yake. Bosi alienda kwenye semina hotelini, akawafundisha watu usalama wa taarifa. Alizungumza vizuri, niliambiwa.

Nilirekebisha programu mchana mmoja, nikapanda mlimani kuiweka kwenye kila kompyuta. Muuguzi mkuu alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Programu ikamuuliza jina, akaliandika kwa kidole kimoja. Ikataka neno la siri.

"Angalia dirishani, mwanangu," aliniambia.

Nikaangalia dirishani. Hajawahi kulisahau, Jumatatu wala siku nyingine. Yule mjane hakurudi kwenye kwaya. Siku hizi anasali kwenye kanisa la Sokon One, kule mjini, mbali na wale waliompa pole.